Lojistiki, Cox au Modeli Mseto? Kuchagua Njia ya Kupima Chakula na Madhara ya Kisukari

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mafaili ya kliniki ya kisukari, au daktari anayetaka kujua kama ushauri wa lishe anaoutoa unawasaidia wagonjwa wake, hufika mahali pamoja: data ipo, dodoso la vyakula limejazwa, kilichobaki ni kuchagua modeli, yaani hesabu ya takwimu itakayounganisha chakula na madhara. Wengi huchukua ile waliyoizoea darasani, rigresheni ya lojistiki (inayopima jibu la ndiyo au hapana), wakaendelea na safari. Mara nyingine inatosha kabisa. Mara nyingine inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na jibu hilo ndilo linaloishia kwenye chumba cha ushauri, mgonjwa akiambiwa aache wali kwa sababu ambayo takwimu hazikuisema.

Msimamo wangu katika ulinganisho huu ni kwamba modeli ichaguliwe kwa kuangalia madhara yenyewe yanavyotokea na yanavyogundulika. Figo huchakaa polepole na tunaweza kuzipima kila mwaka. Kiharusi huja kwa saa na tarehe. Jicho huanza kuharibika kimyakimya, likajulikana siku ya kupigwa picha. Ganzi ya miguu mara nyingi huulizwa mara moja tu, siku ya utafiti. Haiwezekani vyote hivyo vikaingia kwenye modeli moja.

Kwanza: chakula hicho badala ya kipi?

Swali hili linatangulia kwa sababu linaingia kwenye kila modeli, na ndilo linalorukwa zaidi ya yote. Tuseme unataka kujua kama maharage yanalinda figo za watu wenye kisukari aina ya pili. Mtu anayekula kalori 1,800 kwa siku akiongeza maharage, ama kitu kingine kimepungua sahanini, ama jumla ya kalori imepanda. Njia ya tatu hakuna.

Sasa tazama namna tatu za kuandika modeli ileile. Ya kwanza ina maharage, umri, jinsia na miaka tangu ugonjwa ugundulike. Hii inachanganya maharage na ukubwa wa mlo mzima: mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri hula zaidi ya kila kitu, maharage yakiwemo, na afya yake ina sababu nyingine kabisa. Ya pili inaongeza jumla ya kalori. Hapo namba ya maharage inamaanisha maharage badala ya mchanganyiko wa vitu vingine vyote anavyokula, yaani sukari ya chai, samaki, mchicha na chapati kwa pamoja. Ya tatu ina jumla ya kalori pamoja na kalori za kila kundi la chakula, isipokuwa sembe na wali, ambavyo umeviacha nje kwa makusudi. Hapo ndipo namba ya maharage inasomeka hivi: kalori 100 za maharage zikichukua nafasi ya kalori 100 za sembe na wali, hatari inabadilika kwa kiasi gani.

Mimi naona ya tatu ndiyo yenye faida kliniki, kwa sababu ndiyo pekee inayofanana na maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyafuata: punguza ugali, ongeza maharage. Ya pili inafaa unapotaka picha ya jumla, na hoja ya kuzingatia jumla ya kalori ilishajengwa vizuri na Willett na Stampfer mwaka 1986. Ya kwanza sioni pa kuitumia. Lolote utakalochagua, liandike kwenye kichwa cha jedwali. Jedwali lisemalo tu "maharage: 0.82" halimsaidii msomaji, maana hajui ni 0.82 dhidi ya nini.

Halafu kuna sinia. Nyumba nyingi za pwani na bara watu hula pamoja, na mtu akiulizwa alikula kiasi gani cha wali hana sahani yake ya kukumbuka. Dodoso la vyakula linanasa mazoea ya miezi lakini vipimo vyake ni vya kukadiria. Mahojiano ya saa 24 yananasa kiasi vizuri zaidi lakini yanaeleza jana tu, na jana huenda ilikuwa Idi. Ukiweza, tumia dodoso kwa wote, kisha wachache uwahoji ya saa 24 kwa siku mbili au zaidi, utumie hao kurekebisha makadirio ya wengine. Makosa ya aina hii, yakiwa ya bahati nasibu tu, kwa kawaida huvuta matokeo kuelekea "hakuna uhusiano". Basi utafiti ambao haukuona kitu pengine ulikuwa na kipimo dhaifu cha chakula. Kwa kugeuza vyakula kuwa virutubisho, Tanzania ina jedwali lake la mwaka 2008, na ni bora kuliko kuazima la nchi ambako hakuna anayekula mlenda.

Sinia lina jambo jingine tena. Waliokula pamoja hawawezi kuhesabiwa kana kwamba kila mmoja ni taarifa mpya inayojitegemea. Jaribio la PREDIMED la Hispania, lililopima mlo wa Mediterania kwa washiriki 7,447, lilichapishwa 2013, likaondolewa, na likachapishwa upya 2018, kwa sababu kwenye baadhi ya vituo upangaji wa bahati nasibu haukufuatwa ipasavyo: watu wa nyumba moja waliwekwa kundi moja, na kituo kimoja kiligawa kliniki nzima nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Uchambuzi mpya ulizingatia kufungamana huko na hitimisho likabaki lilelile kwa sehemu kubwa. Kama data yako ina mume na mke wa nyumba moja, weka namba ya kaya kwenye faili na uiambie programu.

Lojistiki dhidi ya Poisson: ulipima mara moja

Ukiwa na utafiti wa siku moja, mgonjwa ana ganzi au hana, lojistiki inakubalika. Tatizo lake ni lugha ya matokeo. Chukua wagonjwa 100 wanaokunywa soda kila siku, 40 kati yao wana ganzi ya miguu. Na 100 wasiokunywa, 25 wana ganzi. (Namba hizi ni za mfano tu.) Uwiano wa hatari ni 40 kwa 25, yaani 1.6. Uwiano wa odi (odi ni wenye tatizo ukigawanya kwa wasio nalo) ni 40/60 ugawanywe kwa 25/75, yaani 2.0. Lojistiki itakupa hiyo 2.0, na kesho yake mtu ataandika kwamba wanywaji wa soda wana hatari mara mbili. Si kweli, ni mara moja na nusu na ushei.

Madhara yakiwa adimu, namba hizo mbili hukaribiana na hakuna ugomvi. Lakini ganzi, shinikizo la damu na protini kwenye mkojo si mambo adimu kwa watu wenye kisukari cha muda mrefu. Kwa hiyo kwa madhara yanayowapata zaidi ya mtu mmoja kwa kila kumi, napendekeza rigresheni ya Poisson (modeli ya kuhesabu matukio) yenye makosa sanifu yaliyorekebishwa, njia iliyoelezwa na Zou mwaka 2004. Inakupa uwiano wa hatari moja kwa moja, na kwenye programu za takwimu kama Stata au R ni mistari michache tu.

Zote mbili zina udhaifu ambao hakuna modeli itakayouponya: hujui kipi kilitangulia. Mgonjwa aliyeanza kuhisi miguu inawaka moto huenda ndiye aliyeacha soda.

Cox: ulifuatilia kwa miaka

David Cox alichapisha modeli yake mwaka 1972 na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi pale ambapo kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya tukio, na watu waliotoka kabla utafiti haujaisha. Ubora wake kuliko lojistiki ni kwamba mgonjwa aliyefuatiliwa miaka miwili akahamia mkoa mwingine hatupwi. Anachangia miaka yake miwili. Kwa kiharusi, mshtuko wa moyo na kukatwa mguu, yaani mambo yenye tarehe inayojulikana, sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Mfano mzuri ni uchambuzi wa 2015 uliotokana na PREDIMED hiyohiyo. Washiriki 3,614 wenye kisukari aina ya pili, ambao mwanzoni hawakuwa na madhara ya macho wala figo, walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Waligundulika wagonjwa wapya 74 wa retina (utando wa nyuma ya jicho) na 168 wa figo. Waliopewa mlo wa Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni walikuwa na uwiano wa hatari wa retina wa 0.56 dhidi ya kundi la kulinganisha, kipimo cha uhakika cha asilimia 95 kikianzia 0.32 hadi 0.97. Kwa figo, hakuna tofauti iliyoonekana. Mlo uleule, watu walewale, jibu la macho likawa tofauti na la figo. Ndiyo maana sipendi utafiti unaojumlisha "madhara yote" kuwa tukio moja.

Lakini jicho lina shida yake ndani ya Cox. Retina haiharibiki siku ya kupigwa picha. Iliharibika wakati fulani kati ya picha ya mwisho iliyokuwa safi na picha ya kwanza yenye dosari. Kliniki zinazopima macho kila mwaka kwa kila mtu hazina shida kubwa. Lakini kama wagonjwa wanaojali mlo ndio pia wanaohudhuria zaidi, ugonjwa wao utagundulika mapema kuliko wa wasiohudhuria, na mlo mzuri utaonekana kana kwamba unaleta ugonjwa. Hapo acha Cox ya kawaida. Tumia modeli zinazokubali kwamba tukio limo kati ya tarehe mbili (Stata ina amri ya stintreg, R ina pakiti ya icenReg), au gawa ufuatiliaji katika vipindi vya mwaka mmoja mmoja na uweke kila mgonjwa mara moja kwa kila kipindi kwenye rigresheni yenye kiungo cha log-log kamilishi. Hii ya pili ni rahisi kuielewa na matokeo yake yanasomeka kama ya Cox.

Mgonjwa akifa kabla figo hazijashindwa

Wazee wengi wenye kisukari hufa kwa moyo kabla figo hazijafika mwisho wake. Cox ikiwahesabu kama watu "waliotoka", mkunjo wa Kaplan-Meier (mchoro wa waliopata tukio kadiri muda unavyokwenda) unawachukulia kama bado wapo mahali fulani wakisubiri figo kushindwa. Tuseme una wagonjwa 100. 20 wanafariki mwaka wa kwanza, na kati ya 80 waliobaki 16 figo zinashindwa mwaka wa pili. Kaplan-Meier itasema asilimia 20. Ukweli wa kundi lako ni 16 kati ya 100. Kama hospitali inapanga idadi ya vitanda vya kusafisha damu, tofauti hiyo ni fedha halisi.

Modeli ya Fine na Gray ya mwaka 1999 inashughulikia hatari hizi shindani. Je, uitumie badala ya Cox? Inategemea unamjibu nani. Mgonjwa au mpangaji akikuuliza "nina uwezekano gani wa kufika kwenye dialisisi (kusafisha damu kwa mashine) ndani ya miaka mitano?", Fine na Gray ndiyo jibu. Ukitaka kujua kama chumvi inaumiza figo kibayolojia, baki na Cox ya chanzo kimoja kimoja: moja ya figo, nyingine ya kifo, uzionyeshe bega kwa bega. Sababu ni kwamba katika Fine na Gray chakula kinachoua kwa moyo kinaweza kuonekana "kinalinda" figo, kwa kuwa tu wengi hawakuishi hadi figo zao zikashindwa. Mtu asiyejua hilo atakisifia chakula hicho.

Kuna njia ya tatu ambayo haisifiwi inavyostahili: lojistiki yenye matokeo zaidi ya mawili. Utafiti wa 2013 uliotumia washiriki 6,213 wenye kisukari aina ya pili kutoka jaribio la dawa la ONTARGET uliwagawa wagonjwa baada ya miaka 5.5: walio hai bila ugonjwa wa figo, waliopata au waliozidiwa na ugonjwa wa figo (asilimia 31.7), na waliofariki (asilimia 8.3). Theluthi iliyokula vizuri zaidi ilikuwa na uwiano wa odi wa 0.74 kwa figo na 0.61 kwa kifo, ikilinganishwa na theluthi iliyokula vibaya zaidi. Hakuna tarehe iliyohitajika, kwa sababu ugonjwa wa figo haukuwa na tarehe ya kweli. Kwa kliniki zenye vipimo vya mwanzo na mwisho tu, hii ndiyo ningeichagua kuliko kubuni tarehe ili Cox ikubali.

Modeli mseto: figo kama mteremko

Badala ya kuuliza kama mgonjwa amevuka mstari wa ugonjwa wa figo, unaweza kuuliza eGFR yake (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) inashuka kwa kasi gani kila mwaka. Laird na Ware waliweka msingi wa modeli hizi mwaka 1982: kila mgonjwa ana mahali pake pa kuanzia na mteremko wake, na unaangalia kama mteremko unatofautiana kulingana na chakula. Namba unayoitafuta ni ile ya chakula kikizidishwa na muda. Namba ya chakula peke yake inasema tu nani alianza juu, na nimekuta tasnifu zilizoijadili hiyo kurasa tatu na kuisahau ile ya muda.

Faida yake kubwa ni kwamba hutumia kila kipimo, hata cha mgonjwa aliyekosa mahudhurio mawili. Lakini kwa utafiti wa chakula ina mtego wa pekee. eGFR inakokotolewa kutokana na kreatinini (taka ya misuli iliyomo kwenye damu), na nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini ya damu kwa saa kadhaa. Mtu aliyekula mchuzi wa nyama asubuhi ya kliniki ataonekana figo zake zimeshuka, na asiyekula nyama kabisa ataonekana mzima zaidi ya alivyo. Kwa maneno mengine, kinachopimwa na kinachopimia vimegusana. Dawa yake ni kuchukua damu kabla ya kula, au kutumia sistatini C (protini nyingine ya damu) panapowezekana, ambayo haipandishwi na nyama. Modeli nzuri namna gani haiwezi kulirekebisha hilo baadaye.

Wanaofariki katikati ya ufuatiliaji mara nyingi ndio waliokuwa wakishuka haraka zaidi. Wakiwa wengi, modeli mseto peke yake itapendezesha mteremko. Hapo tumia modeli unganishi, inayokadiria mteremko na kifo kwa pamoja.

HbA1c: iwekwe au isiwekwe?

Karibu kila jedwali la kisukari lina HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache) kwenye orodha ya vitu vilivyorekebishwa, kwa mazoea. Mimi napinga mazoea hayo. Uchambuzi wa UKPDS, utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000 uliona kwamba kila HbA1c ikiwa chini kwa nukta moja ya asilimia, madhara ya mishipa midogo yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Chakula kinafanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kupitia sukari hiyo ya damu. Ukiiweka HbA1c iliyopimwa baada ya chakula kuanza kufanya kazi, umeziba barabara ambayo chakula kinapita, kisha unashangaa mbona hakifiki. HbA1c ya mwanzo, kabla ya kipindi cha chakula unachokipima, ni jambo jingine. Hiyo inaweza kuwa kipotoshi halali, yaani kitu kinachogusa chakula na madhara kwa pamoja. Uzito wa mwili nao una kesi hiyohiyo.

Ugumu unakuja pale ambapo kipimo kimoja ni barabara ya chakula na pia kipotoshi. eGFR ya mama mmoja ikishuka mwaka wa pili, daktari anamwambia apunguze chumvi na nyama. Mwaka wa tano figo zinashindwa. Kwenye faili, anaonekana kama mtu wa chumvi kidogo aliyepata ugonjwa. Utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 638 wa kisukari aina ya pili, uliona vifo pungufu kwa asilimia 28 kwa kila ongezeko la milimoli 100 za sodiamu kwenye mkojo wa saa 24. Hiyo ni karibu gramu 6 za chumvi, kijiko kizima cha chai. Sitamshauri mgonjwa yeyote aongeze chumvi kwa namba hiyo. Wagonjwa waliodhoofika hula kidogo, na kula kidogo ni chumvi kidogo.

Robins na wenzake walieleza mwaka 2000 modeli za miundo ya pembezoni (marginal structural models), zinazompa kila mgonjwa uzani kulingana na uwezekano wa kula alivyokula baada ya historia yake ya vipimo. Kwa hali ya huyo mama, ndiyo njia sahihi kuliko Cox ya kawaida. Sharti lake ni zito: chakula kiwe kimepimwa mara kadhaa. Kama una dodoso moja la siku ya kwanza, usijisumbue nayo. Wakati mwingine kuwaondoa waliokuwa na eGFR ya chini tangu mwanzo, na kuruka matukio ya miaka miwili ya kwanza, kunasaidia vya kutosha.

Kuhusu misitu ya bahati nasibu (random forests) na njia nyingine za kujifunza kwa mashine: zinafaa kutabiri nani apelekwe kwa daktari wa macho mapema. Hazikuambii nini kitatokea mgonjwa akibadilisha sembe kwa dona, hata programu ikikupangia vyakula kwa "umuhimu".

Hesabu matukio, si wagonjwa

Kinachoamua zaidi, kuliko yote niliyoandika hapo juu, ni idadi ya matukio. Kumbuka watu 3,614 kwa miaka sita walitoa wagonjwa wapya 74 wa retina. Kanuni inayotumika sana ni angalau matukio kumi kwa kila kitu unachokiweka kwenye Cox au lojistiki, na modeli ya kubadilishana vyakula ina makundi saba au manane kabla hujagusa umri. Kliniki ya wagonjwa 300 kwa miaka mitatu haitafika huko kwa jicho wala kwa kiharusi. Lakini wagonjwa 300 wenye eGFR nne kila mmoja ni vipimo 1,200, na kwa hao modeli mseto ina kitu cha kushika. Ukiwa na ukubwa huo wa data, chagua mteremko wa figo, pima damu kabla ya kula, andika maharage yanachukua nafasi ya nini, na swali la retina waachie wenye rejesta kubwa au unganisha data na kliniki za jirani.